Chungu cha Mzazi Katika Bara ya Mombasa

Asomaye tarehe ya Mombasa hukutana na ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hukutana na Waomani na Wamazrui, na bandari na majahazi, na beti za Muyaka bin Haji. Walakini zile ng'ambo tatu zinazokikabili kisiwa, yaani Likoni upande wa kusini, Changamwe upande wa magharibi, na Kisauni upande wa kaskazini, hutajwa kwa haraka, kana kwamba zilikuwa njia za kupitia na wala si mahali ambapo watu walizaliwa, wakaoa, wakazeeka na kuzikwa. Nakusudia kuziendea ng'ambo hizo kwa mlango ambao waandishi wa tarehe hawana mazoea ya kuubisha, nao ni mlango wa jiko, ambako hutelekwa chungu cha mwanamke aliyejifungua, mwenye kuitwa mzazi kwa muda wote wa arobaini yake. Dai langu ni moja. Kinywaji kilichotoka katika chungu hicho kilikuwa haki ya mwanamke juu ya watu wake, na anayetaka kuijua tarehe yake hana budi kuuliza, pamoja na habari za majani na mizizi, ni nani aliyewajibika kukinunua, nani aliyewajibika kukipika, na nani aliyenyimwa.

Kinywaji chenyewe hakikuwa na kipimo kimoja, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na kaida yake na kila mkunga alikuwa na mkono wake. Lakini shina lake halikubadilika sana kutoka Mtongwe mpaka Mtopanga. Pilipili manga ilitwangwa, tangawizi ikapondwa, vikatiwa katika maji pamoja na mdalasini, iliki na karafuu chache, vikachemshwa kwa moto wa kuni hata maji yakabadilika rangi na harufu yake ikafika uani, kisha yakatiwa asali au sukari guru, na mzazi akayanywa yangali moto, asubuhi na jioni. Nyumba nyingine zilipendelea kuvichanganya viungo hivyo na uji mwepesi wa mchele au wa mtama wenye samli, nyingine zikaongeza uwatu uliolowekwa usiku kucha ili upungue uchungu wake, nyingine habasoda. Na pamoja na kinywaji yalikuja mambo mawili yasiyotengana nacho, yaani kukandwa kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, na kufungwa mkaja, nguo ile inayolikaza tumbo lililolegea. Maziwa yakichelewa, mzazi alipikiwa mchuzi wa papa au supu ya pweza, nayo ikatiwa pilipili manga vilevile.

Chungu hicho hakikungoja uzazi peke yake. Msichana aliyevunja ungo, alipopatwa na maumivu ya hedhi, alichemshiwa tangawizi na mchaichai na somo wake, yule mwanamke mzima aliyekabidhiwa kumfundisha mambo ambayo mama huona haya kumwambia binti yake. Na mwanamke aliyelalamika chango alipewa maji ya mizizi, na miongoni mwa mizizi inayotajwa sana katika pwani yetu ni ule wa mkwamba. Lakini arobaini ya uzazi ndiyo iliyokuwa madrasa ya mambo haya yote, kwa sababu hapo ndipo mabinti walipoketi jikoni siku nyingi mfululizo, wakatazama mikono ya wakubwa wao, wakajifunza ni kitu gani hutangulia kutiwa na ni kipi hutiwa mwisho.

Nusu ya chungu hicho ilitoka baharini. Pilipili manga ni tunda la Malabar, katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi. Iliki nayo ni ya milima ya huko huko kusini. Mdalasini ulio bora ni wa Sri Lanka. Na karafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku katika nchi inayoitwa leo Indonesia, ilipandwa kwa wingi Unguja na Pemba katika enzi ya Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856. Uwatu, ambao Waarabu huuita hulba, ulikuwa chakula na dawa ya wanawake wanyonyeshao katika Yemen na Hadhramaut kabla ya Washihiri kufungua maduka yao Mombasa. Majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi ndiyo yaliyobeba bidhaa hizi, na nahodha aliyeshusha magunia yake katika bandari ya Mji wa Kale hakuwa na habari kwamba kiasi cha konzi moja ya shehena yake kingevushwa kwa mtumbwi mpaka Likoni, kikaishia katika kinywa cha mwanamke wa Kidigo aliyejifungua usiku uliopita.

Nusu ya pili ilitoka barani. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, aliandika kuwa kisiwa hakikuwa na nafaka, na kwamba chakula chake kililetwa kutoka Sawahili, yaani pwani ya bara. Na maneno hayo, ambayo husomwa kama habari ya biashara, ni ushahidi wa mapema kwamba kisiwa kimekula kwa mkono wa bara. Mtama wa uji wa mzazi ulilimwa barani, asali ilirinwa barani, kuni zilikatwa barani. Miongoni mwa Thenashara Taifa, yaani makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, Wachangamwe na Wajomvu wana majina ambayo mpaka leo ni majina ya mahali katika bara ya magharibi, na watu hao walikaa jirani ya Waduruma na Warabai kama vile wakaazi wa Likoni na Mtongwe walivyokaa jirani ya Wadigo, wakaoana, wakauziana, na wakaitana wakati wa uchungu wa uzazi. Mganga wa Kidigo aliyeijua miti ya msitu, na mkunga wa Kiswahili aliyeijua pilipili manga, walikutana kitandani pa mwanamke mmoja. Na kama kuna mtu atakayeniuliza ustaarabu wa pwani ulichanganyika wapi, nitamjibu kuwa ulichanganyika huko pia, wala si msikitini na sokoni peke yake.

Yafaa niseme hapa jambo ambalo wauzaji wa dawa za asili hawapendi kulisema. Mimea mingi tunayoiita ya mababu ni mimea iliyohamia. Mchaichai una asili ya Asia. Mzunze, au mlonge kama waitwavyo na wengine, ni mti wa India. Mwarobaini uliletwa kutoka huko huko na Wahindi, ukaota kila uwanja wa pwani hata wajukuu wakadhani ulikuwako tangu enzi za kaya. Mpera, ambao majani yake huchemshwa kwa tumbo la kuendesha, umetoka Amerika. Na hayo majani ya chai yenyewe ndiyo yaliyochelewa kuliko yote, kwani yalipandwa Limuru kwa mara ya kwanza mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakaanzishwa katika miaka ya 1920, kisha ndipo paketi za chai ya bei nafuu zilipoenea katika maduka ya Wahindi mpaka vijijini. Kabla ya hapo chungu cha mzazi hakikuwa na chai. Viungo vilichemshwa katika maji matupu au katika uji, na wanaume barazani walikunywa kahawa yenye tangawizi. Silitaji jambo hili ili kuishusha hadhi ya desturi. Nalitaja kwa sababu linawapa wanawake wa zamani sifa waliyonyimwa: hawakuwa watunzaji wa urithi uliofungwa katika sanduku, bali walikuwa wachaguzi, waliopokea kila jani jipya lililofika pwani, wakalijaribu, wakalikubali au wakalikataa.

Uchaguzi huo ulikuwa na kanuni, nayo ni elimu ya joto na baridi. Matabibu wa Kiyunani waliigawa tabia ya mwili na ya vyakula katika moto na baridi, ukavu na unyevu; matabibu wa Kiislamu, na juu yao Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, wakaipanga elimu hiyo katika vitabu vikubwa; na elimu hiyo ikafika pwani kwa midomo ya watu waliosoma na wasiosoma, hata mwanamke asiyejua herufi akajua kwamba aliyejifungua ametokwa na damu nyingi, mwili wake umefunguka, na baridi ikimwingia itamsumbua maisha yake yote. Kwa hiyo alipewa kila kilicho cha moto: maji ya moto ya kuoga, maji ya moto ya kukandwa, pilipili manga, tangawizi, samli, na nyama ya kuku badala ya vyakula vinavyohesabiwa kuwa baridi. Dini nayo ikaiwekea desturi mipaka ya siku. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waswahili walio wengi, wamesema kuwa nifasi, yaani damu ya uzazi, aghalabu yake ni siku arobaini na mwisho wake ni siku sitini. Na katika muda huo mwanamke hana sala wala saumu wala hamkaribii mumewe. Amesamehewa ibada na Mwenyezi Mungu. Basi ni vigumu kwa mwanadamu kumdai kazi ya kinu na mtungi. Na tende ambazo mzazi alipewa pamoja na kinywaji chake ziliheshimiwa kwa sababu ya kisa cha Maryam chini ya mtende, kilichomo katika Sura inayoitwa kwa jina lake.

Sasa nafika kwenye haki niliyoitaja. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza alirejea kwao akazalie kwa mamake, na kwa kurejea huko aliwaweka watu wa nyumba mbili katika wajibu ambao kila mmoja aliujua bila kukumbushwa. Mume alipaswa kuleta mchele, samli, kuku, sukari na viungo, na kama ni maskini alikopa, kwani aibu ya mkewe kukosa uji wa pilipili manga ilikuwa kubwa kuliko aibu ya deni. Mama wa mzazi alipaswa kupika, au kusimamia apikaye. Mkunga alipaswa kuja kila siku kukanda, wala kazi yake haikwisha kitovu kilipokatwa. Na ujira wake alipewa kwa fedha na leso, na kwa heshima ya kuitwa katika kila karamu ya nyumba hiyo. Majirani walikuja kumtazama mzazi na hawakuja mikono mitupu. Hata mtoto mwenyewe akikua, deni hili halikufutika: katika mahari ya binti wa Kiswahili, pamoja na kilemba cha baba, palikuwa na fungu lililoitwa mkaja na jingine lililoitwa ubeleko, ambayo hupewa mama wa bibi harusi, la kwanza kwa ajili ya nguo aliyofungwa tumboni alipomzaa, la pili kwa ajili ya nguo aliyombebea mgongoni. Sijui sheria ya nchi yoyote iliyoandika kwa uwazi kama huo kwamba uzazi ni kazi, kwamba kazi hiyo ina thamani, na kwamba mwanamume anayeoa ananufaika na kazi iliyofanywa na mwanamke mwingine miaka ishirini kabla yake. Wapo wasemao kuwa mafungu hayo ni israfu na kuwauza wasichana. Nawaheshimu wasemao hivyo, lakini mimi naona kuwa aliyeyatunga alikuwa mtu mwenye kumbukumbu na insafu.

Haki, hata hivyo, haikuwafikia wote, na mwenye kuisifu bila ya kulisema hili huwa ameipamba. Mashamba ya Kisauni na ya Changamwe yalilimwa na watumwa, na katika nyumba za wenye uwezo mikono iliyotwanga pilipili manga ya bibi ilikuwa mikono ya vijakazi. Kijakazi alipojifungua, nani alimtwangia? Utumwa haukufutwa kisheria katika himaya hii ya Waingereza mpaka mwaka 1907, na kwa muda mrefu baada ya hapo tofauti ya mwungwana na mjoli iliendelea kukaa katika viti vya harusi na katika majina ya kuitana. Sarah Mirza na Margaret Strobel walipozikusanya simulizi za maisha za Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, zilizochapishwa mwaka 1989, waliwawekea wasomaji mbele yao wanawake wa Mombasa wa daraja mbalimbali, na miongoni mwao mwenye nasaba ya watumwa. Anayezisoma ataona kuwa elimu ya mwili wa mwanamke haikushuka kutoka juu kwenda chini. Wanawake walioletwa kwa nguvu kutoka nchi za Wayao, Wanyasa na Wamakua walikuja na ngoma zao za unyago, na mafunzo yao, na ujuzi wao wa mizizi. Na mabinti wa kiungwana wakafundishwa na makungwi ambao mama zao walinunuliwa sokoni.

Kisauni ina makaburi na kengele zinazoshuhudia sehemu nyingine ya habari hii. Mwaka 1844 mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine, na mwezi wa Julai mwaka huo huo, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kike, Rosine alikufa kwa homa, na mtoto akamfuata, wakazikwa barani ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo leo ni upande wa Nyali. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa hiyo hiyo. Hapana kinywaji cha viungo kilichoweza kuiponya malaria kali, na nisingependa msomaji adhani kuwa nasema hivyo. Lakini tukikumbuka kwamba mwanamke huyo alizaa katika mji ambao hakuwa na mama, wala dada, wala shangazi, twatambua kwamba uzazi wa ugenini ni msiba wa aina yake, na kwamba bara ya Mombasa ilikuwa imekwisha kuwaona wanawake wengi wa namna hiyo, ambao hawakuja kwa hiari wala majina yao hayakuandikwa juu ya jiwe.

Mwaka 1875 jumuiya ya wamishonari ya Church Missionary Society ilianzisha Freretown, hapo Kisauni, makao ya watumwa waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka katika majahazi, na kengele yake ndiyo iliyopapa jina mahali panapoitwa Kengeleni mpaka leo. Waliokaa humo walitoka katika makabila mbalimbali na walikuwa na lugha mbalimbali. Wengine, walioitwa Waafrika wa Bombay, walikuwa wamelelewa Nasik katika India kabla ya kurejeshwa Afrika. Fikiri, msomaji, juu ya arobaini katika kijiji kama hicho. Desturi nzima niliyoieleza yasimama juu ya mama wa mzazi, na hapa walikuwa wanawake ambao mama zao walibaki mbali kwa mwendo wa miezi, au waliuawa kijiji kilipochomwa. Ikiwa mzazi wa Freretown alipikiwa, basi alipikiwa na mwanamke ambaye hakuwa na udugu naye wa damu, na udugu wao ulianzia hapo kwenye chungu. Makanisa huhesabu waliobatizwa na shule huhesabu waliofuzu, lakini mji wa watu wasio na ukoo hauwi mji mpaka wanawake wake waanze kuzalishana na kuuguzana, na kwa imani yangu kazi hiyo ndiyo iliyoufanya Freretown uwe mahali pa watu.

Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa kutoka Kilindini mwaka 1896, ikavuka Makupa na kuipita Changamwe, na baadaye ikaja bandari ya kisasa, na kwa ajili ya hizo wakaja vibarua kutoka bara ya mbali: Wataita, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wakikuyu. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, feri ya Likoni ikaanza mwaka 1937, na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kikaanza kazi mwaka 1963. Vyumba walivyopewa wafanyakazi vilikusudiwa wanaume wasio na wake, na mwanamke aliyemfuata mumewe Changamwe alizaa katika chumba kimoja, ukuta mmoja na jirani ambaye hawakuelewana lugha. Lakini mzazi ni mzazi. Wakikuyu humpa njahi, ambazo kwa Kiswahili ni fiwi, ili aongeze damu na maziwa. Wengine humpa uji wa wimbi. Na mwanamke wa pwani aliyekuwa chumba cha pili alipoleta kikombe chake cha tangawizi na pilipili manga, mgeni alikunywa, na mwaka uliofuata akamletea yeye uji wa wimbi.

Katika miaka hiyo hiyo serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kuwavuta wanawake kuelekea hospitali za uzazi, na ya Mombasa iliitwa kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana Sir Edward Grigg aliyetawala Kenya kutoka 1925 mpaka 1930. Hospitali ilikuwa kisiwani. Kwa mwanamke wa Likoni aliyeshikwa na uchungu usiku, hiyo ilikuwa safari ya kuvuka mkono wa bahari, na kwa hiyo mkunga wa mtaani aliendelea kuwa wa kwanza kuitwa kwa miaka mingi baada ya mwenziwe wa kisiwani kupunguziwa kazi. Hospitali ilileta maji safi, mkasi uliochemshwa, na dawa ya kuzuia damu. Lakini pia ilimrudisha mwanamke nyumbani baada ya siku chache akiwa amehesabiwa kuwa mzima, na ile hesabu ya arobaini haikuwamo katika daftari zake.

Wajibu wangu ni kusema kwa uwazi kwamba hospitali ilikuwa na haki katika jambo lililo kubwa kuliko yote. Damu inayomwagika baada ya kuzaa humuua mwanamke kwa muda wa saa chache, na hapana tangawizi wala mzizi uwezao kuizuia. Kifafa cha mimba hakina dawa katika chungu. Na maji ya kukanda yaliyokuwa moto kupita kiasi yameunguza ngozi za wanawake wengi waliovumilia kwa kudhani kuwa maumivu ndiyo tiba. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2014 ulikadiria kuwa wanawake 362 walikufa kwa sababu za uzazi nchini Kenya katika kila vizazi hai 100,000. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulikuwa umewaingiza wakunga wa jadi miongoni mwa wahudumu wa afya, wakapewa mafunzo. Lakini baadaye nchi nyingi, na Kenya miongoni mwao, ziliona kuwa mafunzo hayo peke yake hayakupunguza vifo, zikawataka wakunga wawe wasindikizaji wa kuwafikisha wajawazito hospitalini. Ada ya kuzalia katika hospitali za serikali ilipoondolewa tarehe 1 Juni 2013, sababu moja kubwa ya kubaki nyumbani iliondoka. Mwaka 2014 asilimia 61 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya, na kufikia uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa asilimia 82. Nafurahia hesabu hizo, na sitaki hata moja yake irudi nyuma.

Walakini mwanamke anaporejea kutoka hospitali na kukuta nyumba ina majani ya chai na haina mtu wa kumchemshia, amepungukiwa na kitu ambacho hesabu hizo hazikukusudiwa kukipima. Na penye upungufu huo ndipo biashara ilipoingia. Katika soko la Kongowea, na katika njia zinazoelekea feri ya Likoni, huuzwa vifurushi vya majani yaliyosagwa na chupa za maji meusi, vyenye ahadi ya kusafisha kizazi, kuyeyusha uvimbe, kufungua mirija, na kumrudisha mwanamke usichanani. Namlaumu sana mwenye kuandika ahadi hizo. Kizazi cha mwanamke mzima hujisafisha chenyewe. Uvimbe wa kizazi hauyeyuki kwa chai. Na mwanamke anayetokwa na damu isiyo ya kawaida, akitumia miezi sita kunywa chupa za mtu asiyemjua, huenda anaupa nafasi ugonjwa ambao daktari angeuona mapema. Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya ina utaratibu wa kusajili dawa za mitishamba, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kama hicho anachouziwa kimesajiliwa. Bibi aliyepika chungu cha zamani hakuahidi miujiza kama hiyo. Aliahidi joto, usingizi, na maziwa, na alikuwako asubuhi iliyofuata kuulizwa kama vimepatikana.

Ujuzi wake unastahili kuandikwa kwa majina ya mimea, kwa vipimo, na kwa makatazo yake, kabla haujabaki kwa wauzaji peke yao. Makatazo hasa ndiyo yanayosahauliwa kwanza. Wakunga wenye busara hawakumpa mjamzito mwarobaini, kwa hofu ya kuitoa mimba, na elimu ya leo ina hofu hiyo hiyo. Uwatu nao hupewa aliyekwisha kuzaa, wala hautiwi kwa wingi katika kikombe cha aliye na mimba, na mwenye kutumia dawa za kisukari hana budi kumwambia daktari kuwa anaunywa, kwa sababu hushusha sukari ya damu. Muuguzi anayemkemea mzazi kwa ajili ya kunywa mitishamba humfundisha kuficha, na mwenye kuficha hatapewa onyo hilo. Afadhali aulizwe kwa upole, kama mama anavyomwuliza bintiye, amekunywa nini, asubuhi au jioni, na ni nani aliyempikia.

Sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba aliyeajiriwa wiki mbili. Muda huo ni zaidi ya maradufu ya arobaini ya wahenga, na ni heri kubwa. Lakini mwanamke auzaye mboga Kongowea, na afuaye nguo za watu Mikindani, na akaangaye samaki Likoni, hana tajiri wa kumwandikia likizo, na siku asiyofungua biashara yake ndiyo siku asiyokula. Kwake yeye haki ya zamani imehamia katika chama. Wanawake wa mtaa wanaochanga fedha kila wiki, Waislamu na Wakristo, wa pwani na wa bara, huwa na kanuni kwamba mwenzao akijifungua atapelekewa kitu, na wengi hupeleka unga, sukari, sabuni na leso, na fedha kidogo juu yake. Vyama vinavyojua kazi hii vizuri humteua pia mmoja wao akae na mzazi siku za mwanzo, apike, afue, na amshike mtoto ili mama alale. Na kanuni hiyo ningependa kila chama katika Likoni, Kisauni na Changamwe kiiandike katika daftari lake, pamoja na jina la atakayenunua pilipili manga.